Mstari wa Juu na Mstari wa Chini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama Yeremia 29:11, mstari unaoupenda tangu utotoni, unakuruhusu kuacha kazi uliyo nayo ukaanze upya kwingine. Unajua nisemavyo siku zote: mstari usomwe pamoja na wa juu yake na wa chini yake. Maneno yale, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", yaliandikwa kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Mstari wa 10 unawaambia kwamba ahadi itatimia baada ya miaka 70, na ule wa 5 unawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Tumaini walipewa, ila si la kufunga mizigo kesho yake.

Somo hili sikulipata kirahisi. Tulipompoteza mdogo wako, niliketi kando ya kitanda cha mama yako nikamsomea Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema. Nilidhani ninamfariji. Aliichukua Biblia mikononi mwangu taratibu, akaifunga, akaurudisha ndani utepe uliokuwa umechomoza, akaiweka mbali nami, kisha akageukia ukutani. Neno lile naliamini hata sasa kwa moyo wangu wote, lakini siku ile nililitumia kumnyamazisha mtu aliyekuwa na haki ya kulia, na ninapoufikia ukurasa ule bado linanichoma. Mistari miwili tu juu yake, katika ule wa 26 ambao niliupita, imeandikwa kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Hapo ndipo mama yako alipokuwa, nami nikamruka. Hata rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, kabla ya kufungua vinywa.

Lakini nikisema hivyo namkumbuka bibi yako, nami naona nimejifunga kwa maneno yangu mwenyewe. Hakujua kusoma, wala hakuwahi kuuliza mstari gani unatangulia na upi unafuata. Alikuwa na Mithali 15:1 peke yake, "Jawabu la upole hugeuza hasira", na kila palipokuwa na kikao kizito cha ukoo aliunong'ona mlangoni kabla ya kuingia. Mimi niliyesoma sura nzima nzima nilitoka katika vikao vile nikiwa nimegombana na ndugu zangu. Yeye hakugombana na mtu. Labda mstari mmoja humtosha anayeutumia kujirudi mwenyewe, ukawa hatari kwa anayeutafutia kibali cha jambo ambalo moyo wake umekwisha kuliamua. Sisemi kwamba ndivyo ulivyo wewe. Nasema ndivyo nilivyokuwa mimi mara nyingi.

Kuhusu kazi, maoni ninayo, na kalamu imekuwa ikinisukuma niyaandike tangu mwanzo wa barua hii. Nayazuia kwa shida. Isome kwanza sura yote ya 29, polepole, kisha uniandikie ni mstari gani ulioukuta ambao hukuutaka.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako