Shangazi, nikiogopa majibu ya hospitali, ina maana sina imani?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kahama. Nimekuwa nikitokwa na damu nje ya siku zangu, hata baada ya kukutana na mume wangu. Nilipimwa kwa siki kituo cha afya, wakanipa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, huko wakakata kipande kidogo cha nyama ya kupima na kuniambia nirudi kwa majibu. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema nisiukiri ugonjwa, nifunge siku tatu kavu, na kufuata majibu ni kumfungulia shetani mlango. Mmoja kaniuliza nimetenda dhambi gani. Mume wangu sijamwambia. Usiku silali; nikipiga magoti nalia tu, maneno hayatoki. Je, imani yangu imekufa? Mama K.*

Marahaba, mwanangu.

Haijakufa. Ingekuwa imekufa, usingepiga magoti usiku wa manane, ungemlilia nani? Soma Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hakuna aliyemkemea mtunzi wake kwamba amekiri vibaya. Na yule baba wa Marko 9 aliyesema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", mwanawe aliponywa vivyo hivyo, na imani ile ya nusunusu.

Kinachonitia hofu ni hilo la kuyakimbia majibu. Wafungulie wenzako Isaya 38. Mfalme Hezekia alikuwa wa kufa, Mungu akaahidi kumwongezea miaka 15, na bado Isaya, nabii mzima, akaagiza mkate wa tini ubandikwe juu ya jipu. Na Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Kamwacha mgonjwa, basi. Hakuuliza dhambi.

Mwaka 2011 ulikuwa mtu mzima, unaikumbuka Samunge kule Loliondo: foleni ya magari, kikombe cha dawa ya yule mchungaji aliyeitwa Babu, kwa shilingi 500, wagonjwa waliotolewa wodini wakafia njiani, wenye VVU walioacha dawa zao. Imani walikuwa nayo tele. Kilichowaponza ni kudhani kwamba ukimwamini Mungu lazima uachane na daktari.

Majibu hayaleti ugonjwa. Kama upo, ulikuwepo kabla ya kukatwa hicho kinyama. Damu ya namna hiyo inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa uvimbe wa kawaida, na inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo ikiwahiwa, mara nyingi upasuaji huimaliza. Ikiwa imesogea kuna mionzi pamoja na dawa za kemo, na matibabu hayo si lazima uyafuate hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, Bugando yapo. Wiki zinazopotea kwa kujificha ndizo zinazoipa nafasi ya kusogea.

Sikuahidi uponyaji. Wenzako nao hawana mamlaka ya kukuahidi. Kumtumaini Mungu ni kwenda naye hadi kwenye kile chumba cha daktari bila kujua utakachoambiwa. Tena usiwe na haraka ya kusema "mapenzi yako yatimizwe". Yesu mwenyewe pale Getsemane alianza kwa kuomba kikombe kimwepuke. Anza na unachokitaka. Unataka kuishi, unataka kuwaona wanao wakimaliza shule. Mwambie hivyohivyo, hata kwa hasira. Hayo mengine yatafuata kwa wakati wake.

Mumeo mwambie leo, watoto wakilala: "Nimepimwa Bugando, nasubiri majibu, naogopa." Inatosha. Siku ya majibu mwende wote wawili, maana mtu akitajiwa neno zito masikio huziba, na yule wa pili ndiye anayesikia yaliyobaki. Ulizeni ni ugonjwa gani, umefika hatua gani, matibabu yanaanza lini. Beba kadi ya bima kama unayo. Gharama zikiwashinda, muulizieni afisa ustawi wa jamii palepale hospitalini.

Na wale kina mama usigombane nao. Wape kazi. Mmoja alale na watoto mkisafiri, wengine wakuombee saa ile mnayoingia kwa daktari. Mfungo mkavu ukatae. Unapoteza damu, mwili wako unataka chakula na maji.

Kuhusu dhambi: saratani hii karibu siku zote inatokana na kirusi kiitwacho HPV. Huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi sana hukipata wakati fulani maishani, hata mwanamke aliyemjua mume mmoja tu. Wengi mwili hukiondoa wenyewe bila hata kujua. Kama una binti wa kati ya miaka 9 na 14, chanjo ya kirusi hicho hutolewa bure. Muulizie kituo cha afya wiki hii, usisubiri majibu yako yatoke.