Insha yangu ya reli, na aibu niliyojinunulia kwa bando la usiku

Juzi binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mtu wa Kasulu, kanitumia ujumbe saa tano usiku: "Shikamoo dada. Naomba unitajie programu moja tu ya kunyoosha insha. Nina mbili za kukusanya wiki hii." Nikamwitikia marahaba, kisha nikabaki nimeshika simu. Swali hilohilo niliuliza mimi nikiwa mwaka wa kwanza Tabora, na jibu nililopewa lilinifanya nichekwe na darasa zima.

Nilitoka Ujiji nikijiona msomi. Mtaani kwetu nilikuwa wa kutolewa mfano, mama anawaambia wadogo zangu "mwangalieni dada yenu". Insha ya kwanza ya historia ilipotoka, nikaona nimepewa ya nyumbani: athari za Reli ya Kati kwa uchumi wa magharibi mwa Tanganyika. Nani wa kunifundisha habari za reli, mimi niliyekua nikisikia honi ya treni? Nikaandika kurasa sita kwa Kiingereza kilichonitoa jasho.

Mwenzangu wa bweni akaisoma, akakunja uso. Akasema hoja si mbaya, ila Kiingereza ni cha kidato cha pili. Akanionyesha tovuti moja: unabandika aya, unabonyeza, maneno yanabadilishwa yote, aya inatoka imevaa tai. Nikanunua bando la usiku nikaipitisha insha aya kwa aya hadi adhana ya alfajiri. Sikuirudia kuisoma. Asubuhi nikaenda steshenari kuchapisha, nikakusanya kwa kujidai.

Wiki mbili baadaye mhadhiri aliingia na insha moja tu mkononi. Jina hakulitaja, lakini mimi niliijua stepla yangu iliyokaa upande. Akasoma aya ya pili polepole, huku akitutafsiria. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani walikuwa wamegeuka wahudumu wa kubeba mabegi hotelini. Reli ya Kati ilikuwa "njia ya chuma ya katikati". Darasa likaangua kicheko. Na elewa kwamba hapo ni Tabora, Unyamwezini. Mpagazi kwa wengi mle ndani ni babu wa mtu. Mhadhiri mwenyewe akamalizia: "Huyu kawaajiri babu zangu hotelini." Nikapewa 8 kati ya 20.

Yule mzee namheshimu. Ila angeweza kuniita ofisini. Hilo sijalimeza mpaka leo, na sioni haja ya kujifanya nimelimeza.

Niliporudi bwenini ndipo nikaona alichoandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hoja yako ni ipi?" Kiingereza hakukigusa hata mahali pamoja. Usiku mzima nilikuwa nimepaka rangi nyumba isiyo na nguzo.

Purdue OWL niliifikia kwa bahati, nikitafuta namna ya kuandika marejeo kwa mtindo wa APA. Ni ukumbi wa uandishi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani. Upo mtandaoni tangu miaka ya 1990 na husomwa bure. Humo nikakuta zoezi ambalo naliita kuanua mifupa. Insha ukishaiandika, chukua karatasi nyingine, kila aya iandikie sentensi moja tu: hii inasema nini? Basi. Nikaichukua insha ya aibu nikaifanyia hivyo. Ikatoka hivi:

Aya ya kwanza, Wajerumani walijenga reli. Ya pili, zamani kulikuwa na misafara. Ya tatu, reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ya nne, reli ilileta maendeleo. Ya tano, reli ilileta maendeleo. Ya sita, kwa hiyo reli ilileta maendeleo.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikamkumbuka bibi. Kila tulipopanda daladala kutoka Ujiji kwenda Kigoma mjini alikuwa akisema, "Reli ilitupita." Miaka yote nilidhani ni lawama za wazee. Nikaandika upya sentensi ya kwanza: reli iliishia Kigoma, haikuishia Ujiji, na shughuli za ziwa zikaifuata kwenye bandari mpya, kwa hiyo maendeleo ya mji mmoja yalikuwa anguko la jirani yake. Hapo aya ya tano na ya sita zikafa zenyewe. Nikaomba kuirudia insha. Mhadhiri akakubali kwa sharti kwamba alama haitazidi 12. Nikapata 12. Muhula uliofuata, 17, na safari hii hakuna aliyesomewa.

Baadaye nikaongeza kurasa za kituo cha uandishi cha Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, ambao wanasisitiza usome kazi yako kwa sauti. Nilikuwa nasoma nyuma ya bweni, watu wakidhani naomba dua. Kuna pia Academic Phrasebank ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza: imepanga misemo ya kitaaluma kwa kazi zake, ya kuanzisha mada, ya kupinga, ya kusema kwa tahadhari. Hiyo itumie kama chumvi. Nyumbani chumvi ikizidi hakuna anayesifu mboga. Kurasa hizo nyingi ni maandishi, hazili bando sana. Nilikuwa nazifungua usiku, nazihifadhi kwenye simu, nazisoma mchana.

Najua wote mnaosoma hapa mnaitaka GPA, ule wastani wa alama, ya kueleweka, hakuna aliyekwenda chuo ili adisko, yaani aondolewe kwa kufeli. Lakini tumezoea njia ya kubonyeza. Tunaomba kunyooshewa insha ambayo wenyewe hatujui inasema nini! Anua mifupa kwanza, Kiingereza baadaye. Narudia, mifupa kwanza. Ukiona uvivu, kumbuka kuna mtu atakaa na kalamu nyekundu akuulize hoja yako ni ipi, na tovuti haitakuwepo kukujibia.

Yule binti wa Kasulu sikumtajia programu. Nilimwambia asinitumie insha, anitumie sentensi moja kwa kila aya. Alinuna siku nzima, namjua kwa zile alama mbili za bluu bila jibu. Jana usiku zikaingia, sentensi saba. Ya tatu na ya sita ni ileile, kabadilisha neno moja tu. Nimemrudishia, nimemwuliza abaki na ipi.