Barua kwa Mwanangu: Weita Umwachie Ngapi?

Mwanangu,

Salamu kutoka Nakuru. Umeniuliza mambo mawili: Ijumaa ukiwapeleka wageni wa kazini kula hapo Kisumu, weita umwachie pesa ngapi? Na kama bili tayari ina sevisi chaji, yaani ada ya huduma, utoe tena?

Hakuna sheria Kenya inayokulazimisha kumwachia weita kitu. Marekani ni tofauti. Sheria ya taifa huko inamruhusu mwajiri kumlipa weita dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi zijaze pengo, ndiyo sababu wateja hutoa asilimia 15 hadi 20 kama deni. Kwetu weita yumo kwenye agizo la serikali la kima cha chini cha mshahara, pamoja na mpishi. Unachompa ni shukrani tu. Ila mshahara wenyewe ni mdogo, na mia mbili ya mezani yaweza kuwa nauli na unga wa jioni hiyo, kwa hivyo ichukulie kwa uzito.

Bili ikija, isome hadi chini kabla ya kutoa simu. Kwenye hoteli kubwa utaona VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Hizo ni za serikali, weita hazimhusu. Tuseme chakula ni 3,000, VAT 480, ushuru 60: jumla 3,540. Shukrani ipige kwenye ile 3,000. Asilimia 10 ni 300, na hiyo ni heshima ya kutosha. 200 pia si aibu. Mara nyingi bei za menyu huwa tayari zina kodi ndani, na risiti inazichambua tu, kwa hivyo usizijumlishe mara ya pili ukadhani umepunjwa.

Ukiona sevisi chaji, muulize weita kwa upole, wageni wasisikie: "Hii huwafikia nyinyi?" Kuna hoteli huigawa kila mwezi kwa wafanyakazi wote, hadi waosha vyombo. Kwingine hubaki kwa mwenye hoteli. Ikiwa inawafikia, umeshatoa; ukiongeza mia moja kwa aliyekuhudumia vizuri, ni hiari yako. Ikiwa haiwafikii, toa kama kawaida, hata kama si asilimia 10 nzima.

Sasa njia ya kutoa, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bili ikiwa 3,540, usilipe 3,800 kwenye till, ile namba ya hoteli ya kupokea malipo kwa simu, ukitumaini zilizozidi zitamfikia weita. Zimeingia kwenye akaunti ya biashara, na jioni mahesabu yakifungwa itambidi aziombe kwa meneja. Lipa bili kamili, shukrani itoe kando. Pesa taslimu ndiyo bora. Kwa viwango vya sasa vya M-Pesa, ukimtumia 200 utakatwa 7, naye akienda kuitoa kwa wakala akatwe 29. Mia moja kwenda chini haina gharama ya kutuma, lakini kuitoa kwa wakala inamla 11. Ukilazimika kutumia simu, muulize kama ana Pochi la Biashara, ile huduma ya M-Pesa ya kupokea malipo ya biashara ndogo. Na ikiwa ni msichana, mwambie wazi mbele ya wenzako kwamba ni ya shukrani, asije akadhani unatafuta namba yake.

Usiifiche noti chini ya sahani. Anayeondoa vyombo mara nyingi si yule aliyekuhudumia. Nawa mikono kwanza, kisha mpe mkononi, mkono wa kulia, ukisema asante. Ukilipa kwa noti na hutaki chenji, sema "iliyobaki ni yako." Ukiondoka kimya atakukimbilia hadi mlangoni akidhani umesahau.

Mkiwa kundi la watu kumi na bili ni 15,000, si lazima asilimia 10. 700 hadi 1,000 yatosha kwa weita mmoja. Lakini mkikaa kwa muda wa saa nne na soda moja moja, hesabu muda wake na meza mliyoizuia, si bili. Na mkichanga, mmoja wenu ahakikishe jumla imetimia kabla ya mtu kuinuka. Kuna hoteli ambako upungufu wa meza hukatwa kwenye mshahara wa weita, na hilo linaniuma kuliko kukosa bakshishi.

Ukiamua kuwapeleka wageni Dunga, hapo ufuoni mwa ziwa, kula samaki, mambo ni mengine. Unachagua ngege (sato) au mbuta (sangara) mbichi, mnaelewana bei kabla hajaingia kwenye mafuta, kisha mnasubiri. Kuweni na subira. Samaki mkubwa akiharakishwa huiva ngozi tu, na mfupani anabaki na damu. Anayewanawisha na kuwaletea ugali mpe 50 au 100. Kwenye nyama choma mkumbuke mchomaji aliyesimama kwenye moshi: 50 au 100 kwa kilo, mpe yeye mwenyewe, maana ya weita haimfikii. Kibandani ambapo mwenyewe ndiye anayepika na kupakua, hatarajiwi kupewa kitu. Bili ya 180 iache 200 ukipenda.

Chakula kikija baridi, kosa ni la jikoni. Mtazame weita anavyolishughulikia: akikirudisha upesi na kuomba radhi, amestahili shukrani yake yote. Akikudharau, mwite msimamizi kando umweleze. Ukinyima pesa kimya kimya hakuna atakayejua kosa lake. Ataona tu mteja mchoyo. Na tafadhali usimpe mapema ili awapendelee, kwani meza ya jirani nayo ina njaa.

Alhamisi vunja elfu moja upate noti moja ya mia tano, noti mbili za mia mbili na noti mbili za hamsini. Uziweke mfuko wa shati, si kwenye pochi, usije ukapekua mbele ya wageni.

Mama yako