Mada na hoja: tofauti iko wapi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kenya. Mwalimu wetu anasema insha iwe na anwani, lakini binamu yangu anayesoma Tanzania anasema ni kichwa. Tena tunaambiwa kila siku "toa hoja, usitoke nje ya mada", na sijawahi kuelezwa mada na hoja zinatofautiana vipi. Pia insha inatakiwa iwe na aya ngapi?

JIBU: La anwani na kichwa lisikunyime usingizi. Kenya wengi husema anwani ya insha. Tanzania ukitaja anwani mtu atafikiria barua na sanduku la posta, jina la insha wao huliita kichwa. Andika kama anavyokuzoeza mwalimu wako. Huenda pia ukakutana na neno ibara kwa maana ya aya. Si kosa, ila siku hizi ibara tunaisikia zaidi kwenye katiba na sheria.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Mada ni jambo linalozungumzwa, na aghalabu hutajwa kwa maneno machache tu: mifuko ya plastiki, elimu ya wasichana, ajali za barabarani. Hoja ni kauli kamili kuhusu jambo hilo, kauli ambayo mwenzako anaweza kuipinga. Kipimo chake ni rahisi: tanguliza "nasema kwamba". Ukisema "nasema kwamba athari za mifuko ya plastiki", msikilizaji atakungoja umalize. Ukisema "nasema kwamba kupiga marufuku mifuko ya plastiki hakutoshi ikiwa nchi jirani bado inaiuza", hapo umetoa hoja, na atakayebisha anajua abishe wapi.

Insha nyingi za wanafunzi zina mada na zina mifano. Kinachokosekana ni hoja ya kuviunganisha. Utasoma kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019, halafu mwandishi anarukia aya nyingine. Ni kweli tupu, lakini katuambia ya nini? Ianze aya hiyo kwa hoja niliyoitaja hapo juu, na miaka ile itapata kazi: kwa zaidi ya miaka kumi mfuko uliokatazwa Rwanda haukuwa umekatazwa Tanzania Bara, na nchi hizo zinapakana. Sentensi ya mwisho ieleze basi pengo hilo linathibitisha nini. Hoja, ushahidi, maelezo. Mwanafunzi akiacha kimoja, mara nyingi huacha maelezo, akidhani mtahini atajijazia mwenyewe. Hajijazii.

Angalia pia kitenzi cha swali. Eleza na fafanua vinataka ufunue jambo. Thibitisha kimekwisha kukuchagulia upande, kazi yako ni kuleta ushahidi. Jadili kinadai usikilize pande zote kabla ya kutoa msimamo, na hapa ndipo wengi huanguka: wanatetea upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba wameulizwa thibitisha.

Insha ya methali ina utaratibu wake, kwa kuwa hoja umeshapewa. Methali kama "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ina pande mbili. Kisa chako kionyeshe mtu akikaidi ushauri na pia akipata madhara kwa sababu ya ukaidi huo. Ukisimulia ajali ambayo haikutokana na ukaidi, umeandika kisa kizuri cha methali nyingine.

Utangulizi uitaje mada na uonyeshe unakoelekea, basi. Zile jua kuchomoza na ndege kuimba mitini mlizokariri tangu darasa la sita, watahini nao wamezikariri. Hitimisho litoe msimamo uliofikiwa. Hoja mpya isizaliwe huko.

Hukuuliza kuhusu viunganishi, lakini kimoja siwezi kukiacha. Aidha maana yake ni vilevile, tena, zaidi ya hayo. "Aidha serikali iongeze walimu au ipunguze wanafunzi" ni "either" ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Sema "ama iongeze walimu ama ipunguze wanafunzi". Na fauka ya hayo ni nzuri ikitokea mara moja. Ikifungua kila aya inachosha.

Kuhusu idadi ya aya, hakuna sheria. Karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, hutaka maneno yasiyopungua 400 kwa kila insha. Ukitenga aya moja ya utangulizi na moja ya hitimisho, zinabaki nafasi za hoja tatu au nne zilizoelezwa vizuri. Ukijaza nane, kila moja itapata sentensi mbili, na maelezo ndiyo yatakayokatwa kwanza.