Viganja kuwasha baada ya piko

Dada, umesema viganja vinakuwasha tangu upakwe piko kwenye harusi ya Kisauni, hata usiku hulali. Pole sana. Naishuku hiyo piko. Hina safi huacha wekundu wa kahawia na ni nadra kudhuru. Piko nyeusi mara nyingi ina rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na ngozi ikishaikataa huendelea kuikataa. Usiipake tena, hata kichwani. Mafuta ya mgando yatapoza.

Ila kagua katikati ya vidole: kama kuna vipele na wenzako nyumbani pia hujikuna usiku, huenda ni upele, ule ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, mtibiwe wote pamoja.

Malengelenge au usaha, nenda hospitali leo. Na ikiwa una mimba na viganja vinawasha bila vipele, usingoje tarehe ya kliniki: huenda ni tatizo la ini.