Alilala kama mtoto mchanga

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni utani gani wa mwanasiasa ambao hujausahau, na kwa nini?" Wangu ni wa John McCain.

Novemba 2008 McCain alishindwa na Barack Obama katika uchaguzi wa urais wa Marekani. Siku chache baadaye akaenda kwenye kipindi cha televisheni cha Jay Leno, na huko akaeleza anavyolala tangu ashindwe. Analala kama mtoto mchanga, alisema. Wamarekani wakisema hivyo huwa wanamaanisha kile sisi tunachokiita usingizi wa pono. Lakini McCain akaendelea: nalala kwa muda wa saa mbili, naamka nalia, nalala tena kwa muda wa saa mbili, naamka nalia. Na yeyote aliyewahi kulea anajua kwamba mtoto mchanga hulala hivyo hasa.

Sisi Wakenya wakati huo tulikuwa kwenye furaha. Rais Mwai Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba kuwa sikukuu, watu wakacheza barabarani kwa sababu mtoto wa Mkenya amechaguliwa kuiongoza Marekani. Yule mzee aliyeshindwa sikuwa nimemfikiria hata mara moja, mpaka niliposikia maneno yake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikamwonea huruma, kisha nikamheshimu. Kumbukeni mwaka ule sisi tuliufungua vipi: zaidi ya watu 1,000 waliuawa hapa nyumbani baada ya matokeo ya kura kubishaniwa. Kwangu mimi, kumsikia mtu aliyeukosa urais akiwachekesha watu kwa machozi yake mwenyewe kilikuwa kitu kipya kabisa. Methali yetu inasema asiyekubali kushindwa si mshindani, ila haisemi mshindani huyo alale vipi usiku wa kwanza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatafuta wenzake. Si kazi ngumu: katika mji mdogo wa Norton, jimboni Kansas, kuna benki iliyotundika ukutani picha za wagombea urais walioshindwa. Mmoja wao ni Adlai Stevenson, gavana wa Illinois, aliyebwagwa na Jenerali Eisenhower mwaka 1952. Usiku uleule wa matokeo aliwasimulia wafuasi wake kisa alichokirithi kwa Abraham Lincoln, cha kijana aliyejikwaa kidole gizani: ni mkubwa mno kulia, lakini kinauma mno, kucheka hawezi. Mwaka 1956 Stevenson akagombea tena, mpinzani yuleyule, na kidole kikajikwaa palepale.

Al Gore ndiye aliyeniumiza zaidi. Mwaka 2000 alipata nchi nzima kura zaidi ya 500,000 kumzidi George W. Bush, akaikosa Florida kwa kura 537, na pamoja nayo urais, kwa kuwa kule mshindi huamuliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura za wananchi. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado makamu wa rais, Januari 2001 ilimbidi yeye mwenyewe aongoze kikao cha Bunge cha kuhesabu kura za wajumbe na kumtangaza Bush mshindi. Baada ya hapo akawa akisimama mbele ya watu anajitambulisha hivi: "Naitwa Al Gore. Zamani nilikuwa rais ajaye wa Marekani."

Najua kuna msomaji atakayenikumbusha Donald Trump, aliyeyakataa matokeo ya 2020. Ni kweli, na ndiyo maana nawathamini hawa wengine. Wapo pia watakaoitaja ile picha ya 1948, Harry Truman akiinua gazeti la Chicago Daily Tribune lililotangaza kwamba Thomas Dewey amemshinda. Inachekesha, sikatai. Lakini kicheko pale ni cha mshindi, na Dewey hata hayumo kwenye picha.

Kama mngeniruhusu utani wa pili, ningechagua wa George McGovern. Mwaka 1972 Richard Nixon alimshinda katika majimbo 49. McGovern aliambulia Massachusetts na jiji la Washington tu. Hata South Dakota, kwao alikozaliwa, walimnyima. Baadaye alisema kwamba kwa miaka mingi alitamani kugombea urais kwa namna mbaya kuliko zote, na hakika alifanya hivyo. Kwa Kiingereza, kutamani kitu "kwa namna mbaya kuliko zote" ni kukitamani mno. Kisha ikaja 1984, Walter Mondale naye akapigwa na Ronald Reagan katika majimbo 49, akabaki na Minnesota ya kwao na Washington ileile. Mtu pekee nchini aliyejua kipigo cha majimbo 49 alikuwa McGovern, kwa hiyo Mondale akamuuliza: maumivu haya yanakwisha lini?

McGovern akamjibu kwamba yakikwisha atamjulisha. Ilikuwa imepita miaka 12.