Nzi Wachache wa Kuelea Wanamtosha Anayeanza Kuvua Trauti Mtoni

Anayeanza kuvua trauti kwa nzi bandia wa kuelea, yaani ndoano iliyofungwa manyoya au nywele ili ifanane na mdudu, huvutiwa kwanza na wingi wa rangi, ilhali samaki huyo humtazama mdudu kutoka chini huku mwanga ukiwa juu, hivyo ukubwa, umbo na jinsi mdudu alivyokaa majini humshawishi zaidi kuliko rangi. Kwa sababu hiyo nawashauri wanaoanza wachague aina tatu au nne tu, lakini kila aina wawe nayo kwa ukubwa mbalimbali, hasa ndoano namba 12 hadi 18, wakikumbuka kwamba namba ikipanda ndoano hupungua.

Wa kwanza awe Adams, aliyebuniwa na Leonard Halladay huko Michigan, Marekani, mwaka 1922. Haigi mdudu mmoja mahususi, na hapo ndipo penye nguvu yake, kwa kuwa rangi yake ya kijivu na kahawia hukaribiana na ya wadudu wengi wanaosimamisha mabawa kama tanga la jahazi. Mimi humpendelea yule wa parachuti, ambaye manyoya yake yamezungushwa kwa ulalo kwenye shina la bawa jeupe: mwili wake hulala juu ya maji kabisa, na bawa hilo huonekana hata jioni.

Kwa maji ya kasi, chukua Elk Hair Caddis, ambaye nywele zake za elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, humwezesha kuelea vyema na kuiga wadudu wanaolaza mabawa mgongoni. Kwa maji tulivu yenye usubi, Griffith's Gnat wa namba 18 au 20 anatosha. Msimu wa joto ongeza sisimizi bandia mweusi.

Trauti akipanda, akamkagua nzi wako kisha akarudi chini, usikimbilie kubadili aina. Angalia kwanza kama mshipi unamburuta: mfuo mwembamba nyuma ya nzi, hata usiozidi upana wa kidole, unatosha kumshtua samaki. Sogea hatua chache, au uinue mshipi na kuulaza upande wa juu wa mkondo, ili nzi ateremke kwa mwendo uleule wa maji yanayomzunguka. Akikataliwa tena, funga aina ileile iliyo ndogo zaidi kwa saizi moja au mbili. Na ukishanasa samaki, kabla ya kurusha tena mkaushe nzi kwa kitambaa, kwa sababu nzi aliyelowa ute wa samaki huzama hata ukimpaka dawa ya kumwelesha.